Kigari Dagaa na Chupa Mbili Nyekundu

Tangu nirudi, kila nikikaa kijiweni Katubuka, hapa Kigoma, naulizwa swali lile lile: kigari kilifika au hakikufika? Nimelijibu mara nyingi mpaka nimeanza kurukaruka, na ninayoyaruka ndiyo yenyewe hasa. Basi nimekaa nikaandika. Mmoja awasomee wenzake, nami mniache ninywe kahawa yangu.

Katubuka

Nyinyi mnakijua, ila kwa atakayesoma bila kukiona: ni kigari kidogo cha rangi ya fedha, milango mitatu, injini ya silinda tatu. Nilikiita Dagaa siku ile ile nilipokinunua. Mafuta hakinywi, kinanusa tu. Naweza kuzunguka Kigoma na Ujiji wiki nzima nikakuta mshale umesogea kidogo, kama mtu anayejiweka vizuri kwenye kiti. Ubaya wake ulikuwa tumbo. Lilikaa chini mno, na jiwe la ukubwa wa ngumi lilitosha kulikwaruza.

Kwa miezi mitatu mimi na Fundi Hamisi tulikiinua. Tuliweka spesa za kuinulia kwenye springi, tukafunga tairi za mtumba zilizonenepa kidogo, na chini ya injini tukakaza bamba la chuma ambalo Fundi alilikata kwenye pipa kuukuu. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini chombo kikifunguliwa mbele yangu siondoki mpaka nijue kila kilichomo kinafanya nini. Fundi ameshanizoea. Ananijibu bila kuinua kichwa.

Kitu kimoja hakikupona: sili ya giaboksi, kile kipete kinachozuia oili isitoke. Ilivuja matone machache kila siku, na sili mpya ilikuwa haijafika mjini. Mwenye akili zake angesubiri. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba barabara ya kufuata ziwa kwenda kusini inaishia Kalya, na tangu nilisikie hilo neno "inaishia" sikutulia. Nilitaka kuona barabara inavyokoma.

"Subiri sili," Fundi aliniambia.

"Inakuja lini?"

"Wiki ijayo."

"Wiki iliyopita ulisema wiki ijayo."

"Na wiki ijayo nitasema hivyo hivyo. Haya, nenda, lakini kaa na hii."

Akanijazia oili ya giaboksi kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Oili ile ni nyekundu, ukiiinua juani inang'aa kama sharubati. "Kila asubuhi," akasema, "injini ikiunguruma, chomoa kijiti, pima, ongeza. Ikipungua sana gia zitateleza. Giaboksi ikifia huko, wewe utarudi kwa boti, na Dagaa utawaachia kuku wa watu watagie." Kisha akakata kipande cha tyubu nyeusi ya baiskeli, akakifunga shingoni mwa chupa. "Yenye mpira ni ya gari. Umesikia? Yenye mpira."

"Nimesikia, Fundi."

Na kweli nilisikia. Kwa hiyo yaliyotokea baadaye hayana wa kulaumiwa ila mimi.

Ujiji hadi Simbo

Ujiji nilipoteza saa nzima. Nilisimama kununua vitumbua, na wazee wawili waliokuwa barazani mwa duka wakataka kuona kilichomo chini ya boneti.

"Injini iko wapi?" akauliza mmoja.

"Hii hapa, Mzee."

"Hii ni betri."

"Betri ni hii nyingine, Mzee."

Akatazama kwa muda mrefu, akamgeukia mwenzake. "Basi wamesahau kuweka iliyobaki."

Mwenzake alitaka kujua kama kikikua kitakuwa lori. Nilimwambia nakilisha vizuri. Tukala vitumbua wote watatu, na nilipoondoka waliniombea dua ndefu kuliko safari yenyewe. Nadhani hawakuwa na matumaini.

Baada ya hapo vumbi. Lori moja lilitangulia mbele yangu na halikutaka kupitwa, na Dagaa hakina kiyoyozi, kwa hiyo madirisha yalikuwa wazi. Nilipofika Simbo pua zilikuwa zimeziba kabisa. Nilipiga chafya mpaka machozi. Yashikeni mafua hayo, nitayarudia.

Simbo nilinunua mawese. Kwetu mtu haendi safari ya kulala kwenye nyumba za watu mikono mitupu, na zawadi gani ya Kigoma inapita mawese? Mama aliyeniuzia alikuwa ametoka kuyachemsha. Aliyamimina bado ya moto, mekundu, mepesi, yanapita mwanga, kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa napiga chafya.

Kilometa chache mbele nikaona kitambaa cha kiti kimelowa. Kifuniko cha chupa ya mawese kilikuwa kimelegea kwa joto. Nikasimama, nikakifunika na kipande cha nailoni, kisha nikatafuta cha kukifungia. Ndani ya gari zima kamba ilikuwa moja tu: ule mpira wa Fundi. Nikauvua kwenye chupa ya oili, nikaufunga kwenye chupa ya mawese, nikazilaza zote mbili ndani ya gunia nyuma ya kiti zisigongane. Nikajisifu kwa ubunifu.

Ilagala

Kivuko cha Malagarasi kilikuwa na foleni. Lori la mihogo mikavu lilikuwa limeteleza kwenye mteremko wa kuingilia, gurudumu moja kwenye tope, na kila mwanamume pale alikuwa na maoni. Nilifika saa saba mchana. Kufikia saa kumi maoni yalikuwa mengi zaidi, na lori lilikuwa pale pale.

Mama mmoja aliyekuwa akianua mihogo mbele ya nyumba yake akaniita. Ndiye Mama Bukuru. Anaitwa hivyo kwa mwanawe mkubwa, ambaye anafanya kazi Kigoma mjini. Pacha wa Bukuru ni binti, Toyi, na huyo anaishi naye hapo.

"Wewe mwenye bakuli la magurudumu! Njoo ukae kivulini. Utaiva humo."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unakwenda wapi na kitu hicho?"

"Kalya, Mama."

"Kumchukua nani?"

"Simchukui mtu. Naenda kuangalia barabara inapoishia."

Alinitazama, akamwita Toyi aliyekuwa ndani. "Toyi! Weka ugali mkubwa. Huyu hajala siku nyingi, amechanganyikiwa."

Wakaniletea ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya kukaanga, na mchuzi mdogo wa nyanya ambao kwa mafua yangu sikuusikia ladha, ila pilipili yake niliisikia mpaka masikioni. Toyi aliniuliza kama ni kweli gari dogo linakula kidogo. Nikamweleza habari za silinda tatu, upepo wa tairi, na kwamba kwenye mteremko siwahi kuzima injini hata kama watu wanadhani ndiyo kubana mafuta, maana ukizima breki inakuwa nzito. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Bukuru naye anaongea hivyo hivyo, na pikipiki yake haifiki popote."

Mama Bukuru alikuwa na jambo lake. Kesho yake wanawake wa kikundi chake, kumi na wawili, walikuwa wanakuja kumlimia shamba. Wanalimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba ndiye anayepika. Maharage alikuwa ameshachambua. Mawese ndiyo yalikuwa yamemwishia.

Mnajua nilivyofurahi? Nikakimbilia kwenye kigari, nikafungua gunia, nikakumbuka maneno ya Fundi, yenye mpira ni ya gari, nikaiacha yenye mpira na kuchukua nyingine; kwa pua zilizoziba sikusikia harufu ya yoyote. Nikampa kwa mikono miwili.

"Haya ni ya Simbo, Mama. Yametoka jikoni leo."

"Aa! Mwanangu!" Akaiinua juani. "Tazama yalivyo safi, hayana hata takataka." Hapo alisema kweli tupu. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, mbali na mkono. "Lakini mimi zawadi ya msafiri siifungui mpaka nisikie amefika. Marehemu mama yangu alitulea hivyo. Utakula vipi cha mtu na hujui yuko wapi? Leo unalala wapi?"

"Sunuka, nikivuka mapema."

"Basi ukifika Sunuka, piga simu. Useme umefika, nami nipikie watu wangu."

Toyi akaandika namba kwenye kiganja changu kwa kalamu, maana simu yangu ilikuwa imezimika. Saa kumi na moja lori likatoka. Halikutolewa na maoni ya mtu yeyote, lilichoka lenyewe. Nikavuka.

Ng'ambo, hadi Sunuka

Sehemu ile Dagaa kilinipa raha. Kwenye mashimo ambayo zamani yangelipasua tumbo lake, lile bamba la pipa lilipiga kengele tu na kupita. Magharibi nilikuwa Sunuka, kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vinne karibu na mwalo, mahali wavuvi wanaposhushia samaki. Nikachaji simu. Mtandao haukuwepo. "Panda kile kilima asubuhi," mwenye nyumba akaniambia, "karibu na mnazi ule. Lakini usigeuke ukiwa unaongea." Nikalala.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, upepo unatoka ziwani. Pua zilikuwa zimefunguka, nikafurahi kusikia harufu ya samaki. Nikawasha injini, nikachomoa kijiti. Oili ilikuwa imeshuka kuliko nilivyotegemea. Nikachukua chupa yenye mpira, nikafungua, nikainamisha kwenye faneli.

Hakikutoka kitu.

Nikaitikisa. Kikatoka kipande kizito cha rangi ya machungwa, kikakaa kwenye faneli kama uji uliolala. Nikanusa. Mawese. Yalikuwa yameganda kwa baridi, kama yanavyoganda kila nyumba ya Kigoma asubuhi ya kiangazi, na oili ya gari haigandi hivyo hata siku moja.

Nilikaa chini mchangani. Kwanza niliona mkono wangu ukiufunga ule mpira kule Simbo. Kisha nikaiona chupa nyingine, juu ya kabati, safi, haina hata takataka. Kisha wanawake kumi na wawili.

Halafu nikapumua. Mama Bukuru hafungui mpaka asikie nimefika, na sikuwa nimempigia. Kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru kukosa mtandao. Kilichobaki kilikuwa kupanda kilimani na kumwonya.

Nikapanda mbio. Karibu na mnazi kulikuwa na kijistari kimoja cha mtandao, kinakuja na kuondoka. Nikasoma namba kiganjani, nikapiga. Ikaita. Akapokea.

"Haloo! Mama Bukuru, shikamoo, ni mimi wa kigari! Nimefika, lakini—"

Simu ikakata.

Nikaiangalia ile simu mkononi. Nadhani nilichukua muda kuelewa nilichokifanya. Alikuwa anasubiri neno moja tu ili afungue chupa, na neno hilo nilikuwa nimempa. La onyo lilibaki mdomoni mwangu. Nikapiga tena, nikapiga tena, nikageuka, nikasimama mguu mmoja juu ya jiwe. Nikaandika ujumbe, ukagoma kwenda. Kutoka kule juu nilikiona kigari changu chini, kinang'aa, kidogo kama kidonge.

Kurudi mtoni

Giaboksi haikuwa na oili ya kutosha, na nilijua. Nilikuwa na uchaguzi wa kukiua Dagaa au kukaa pale nikisubiri gari jingine, na asubuhi ile hapakuwa na gari jingine. Nikageuza.

Kwenye tambarare kilikwenda. Kwenye kilima cha kwanza injini ilipiga kelele na gari halikuongeza mwendo, kama mtu anayepiga kasia nje ya maji. Gia zinateleza. Nikapunguza, nikakibembeleza, nikakisemesha. Kilima cha pili nilikipanda polepole hivi kwamba mzee mmoja aliyekuwa akitembea na jembe begani alinipita, akasalimia kwa Kiha, "Mwakeye!", akaendelea. Nilimpita kwenye mteremko. Kilima cha tatu akanipita tena.

"Hicho unakipeleka hospitali?" akauliza.

"Mimi ndiye mgonjwa, Mzee!"

Ilikuwa inakaribia saa nne nilipouona mto. Kivuko kilikuwa ng'ambo ya pili, kinapakia bila haraka. Sikuweza kusubiri. Nikakiacha kigari chini ya mti na funguo ndani, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nikinunue, nikachukua chupa ya mawese na kukimbilia mtumbwi.

"Unakimbia nini?" mpiga kasia akaniuliza tulipofika katikati.

"Maharage."

Hakuniuliza tena. Alipiga kasia kwa nguvu zaidi, nafikiri ili anishushe upesi.

Ilagala tena

Nikaona moshi kabla sijaiona nyumba. Wanawake walikuwa wamesharudi kutoka shambani, majembe yameegemezwa ukutani, wamekaa kwenye mkeka na sahani tupu. Jikoni sufuria kubwa ilikuwa juu ya mafiga. Toyi alikuwa ameshika mwiko.

"Msile!" nikapiga kelele. "Msile! Mama Bukuru! Ile chupa ni oili ya gari!"

Wote wakanigeukia. Mmoja akaitazama sahani yake, ingawa haikuwa na kitu.

Mama Bukuru akatoka ndani akijifuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na haraka. "Oili gani?"

"Ile chupa niliyokupa. Nilizibadilisha. Umeshaitia?"

"Nitie vipi? Hujamaliza kusema."

Sikumwelewa. Akanishika mkono akaniingiza ndani, akanionyesha juu ya kabati. Chupa ilikuwa pale pale, imejaa mpaka shingoni, kifuniko hakijaguswa.

"Ulisema umefika, lakini," akasema. "Simu ikakata. Nikamwambia Toyi, huyu ana lakini. Atakuwa ameumia, au amekwama, au ameibiwa. Nitakulaje mawese ya mtu mwenye lakini? Tukangoja umalizie."

"Tangu saa moja na nusu tunangoja," Toyi akasema mlangoni. "Maharage yameiva yakaiva tena."

 Nilikaa kwenye sakafu, nikacheka, na kama kuna mtu Ilagala atawaambia kwamba nililia, hamna haja ya kumbishia sana. Nje, habari ilikuwa imeshafika kwenye mkeka, na vicheko vilianza.

"Mama Bukuru alitaka kutupaka grisi!"

"Ningelima mpaka usiku! Ningepanda kilima bila kuchoka!"

Nikamkabidhi Mama Bukuru mawese yenyewe, yenye mpira wa Fundi shingoni. Akayanusa, akatabasamu, akayainua, akayaweka juu ya kabati.

"Mama," Toyi akasema, "watu wana njaa."

"Huyu hajafika. Alikuwa anakwenda Kalya. Sasa yuko hapa. Amefika wapi?"

Tulimbembeleza wote kumi na wanne. Hakukubali. Tukala ugali na maharage ya chumvi tupu, huku yale mawese yakitutazama kutoka kabatini. Mwanamke mmoja mnene aliyekaa karibu yangu alikula tonge la kwanza, akauliza, "Maharage haya yamefiwa?" Akanikazia macho. "Na wewe ukachelewe huko Kalya. Uone."

Kalya

Nilivuka tena na chupa ya oili, nikakikuta Dagaa chini ya mti na funguo zake, na kuku mmoja amekaa juu ya boneti. Fundi akisikia hilo atajiona nabii. Nikamimina oili yake, safari hii nikiwa nimeinusa mara tatu na kuidondoshea kwenye kidole. Nikawasha, nikasubiri, nikasogeza gia. Ikashika. Nililaza paji la uso kwenye usukani kwa muda.

Siku mbili baadaye nilifika. Sitawachosha na vijito viwili nilivyovuka nikiwa nimevua viatu ili nipime kina, wala na watu wa Sigunga waliodhani nimekuja kuuza dawa kwa sababu gari langu lilifanana na sanduku. Barabara kwa kigari kama changu inaishia penye majani marefu na kijia cha miguu. Wenyeji wakaniambia inaendelea kwa wenye miguu mirefu. Ziwa lilikuwa upande wa kulia, buluu, na milima ya Kongo haikuonekana kwa ukungu. Nilikiegesha kigari pua yake ikiwa kwenye majani, nikatoka, nikasimama. Hapakuwa na kitu cha kuona, na nilikiona chote.

Kisha nikatafuta mtandao. Nilitembea nusu saa mpaka nikapata vijistari vitatu, na sikugusa simu mpaka nilipovihesabu mara mbili.

"Mama Bukuru, shikamoo. Nimefika Kalya."

 Nikasikia kuku wake, na mtu anatwanga.

"Kuna lakini?" akauliza.

"Hakuna, Mama. Nimefika."

"Kigari nacho?"

"Nacho kimefika."

Akashusha pumzi, kisha akageuza mdomo pembeni mwa simu na kuita kwa sauti iliyonifanya nisogeze sikio:

"Toyi! Teremsha mawese!"